Mpira wa Lori na Jiwe la Zambarau

Zamani zetu pale kijijini Utange, mtoto aliyejiheshimu hakutoka nyumbani bila manati shingoni. Wenzangu tuliolingana mtanielewa. Vijana wa leo nikiwaambia hunitazama kana kwamba nimesema tulivaa majani. Lakini tulikuwa na elimu yetu, na somo kubwa lilikuwa kila kiumbe na jiwe lake. Ndege alitoshwa na jiwe la ukubwa wa kunazi. Tumbili alitaka la zambarau. La ndimu tuliliweka kwa ajili ya nyani, na juu ya mawe hayo tulibishana mpaka uji ukapoa na mama akaja na mwiko.

Nyani ndio waliokuwa wanyama wetu wakubwa. Walitoka vichakani asubuhi, mbele yao dume lenye mabega mapana tulilolibandika jina la Chifu, kwa sababu liliingia shambani bila hodi na kula kabla ya wenyewe. Na nyani, waliolima wanajua, hawamwogopi mwanamke. Mama alipiga makopo, akapiga kelele, wakamtazama tu huku wakitafuna. Mwisho akavaa suruali ya baba na kofia yake ya kazini. Chifu alimkagua juu mpaka chini, kisha akavunja hindi jingine.

Sisi tulicheka mbavu zikatuuma, ila mama hakucheka. Baba alifanya kazi kiwandani Changamwe, alipanga chumba kimoja huko mjini, Chaani, na kuja kwetu Jumapili. Mama akasema wazi mbele ya babu kwamba nyani wakimaliza mahindi msimu huu pia, anafunga virago na sote twende tukabanane na baba huko huko.

Nililia. Chaani nilipajua: pa kuchezea palikuwa kibaraza cha mwenye nyumba, na mwenye nyumba hakupenda watoto. Utange nilikuwa na mikunazi, harufu ya mihogo ya kuchoma, babu yangu, na rafiki yangu Ochieng, mtoto wa dereva wa lori aliyepanga jirani. Basi kazi ya kumfukuza Chifu nikaifanya yangu, bila kutumwa na mtu.

Ochieng akaleta dawa. Baba yake alibeba makontena kutoka bandarini Kipevu, na nyumbani kwao hapakukosa mpira wa ndani wa gurudumu la lori, mnene kama mkanda wa askari. Mnyama mkubwa, mpira mkubwa, ndivyo alivyosema Ochieng, na mimi sikuona kasoro yoyote. Tukakata panda nene la mpera, tukafunga, tukatia jiwe la ndimu. Kuvuta ndiko kulikotushinda. Nilishika panda kwa mikono miwili, Ochieng akavuta kwa uzito wake wote huku mguu kaukita kwenye kichuguu. Jiwe likatoka kivivu likaanguka mbele ya Chifu. Akaliokota, akalinusa, akalitupa. Mpira ulinirudi mdomoni, na shuleni mwalimu akaniuliza kama nimeumwa na nyuki.

Babu alikuwa ameona yote kutoka uani. Ujanani aliwabebea bunduki wageni wa kuwinda huko bara, kabla serikali haijapiga marufuku uwindaji, lakini hakuwa na mazoea ya kuyasimulia. Jioni hiyo akaniita.

"Kadzo!"

"Abee, babu."

"Hebu lete hiyo bunduki yenu."

Akaigeuzageuza, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanieleza kwamba wale wageni wake walikuwa kama sisi tu. Wakikaa kambini, mazungumzo yalikuwa bunduki gani kwa mnyama gani: ya mtutu mwembamba kwa swala, ya kati kwa kongoni na pofu, na ya mtutu mpana, yenye risasi nene kama dole gumba, kwa mbogo na ndovu. Mmoja wao hakutaka kusikia nyingine ila hiyo ya mtutu mpana. Siku ya kwanza ya kujaribu ilimpiga bega likavilia damu. Baadaye, kila akitaka kufyatua, alifumba macho kwanza. Hivyo hivyo akampiga mbogo, risasi ikamwingia tumboni, mbogo akaingia kichakani na maumivu yake. Waliomfuata humo ni babu na wenzake, si mgeni. Mmoja wa wenzake alitolewa humo amevunjika paja. Mgeni akapewa bunduki ya kati, bega likaikubali, na tangu hapo hakukosa shabaha.

"Wote waliuliza mnyama ana ukubwa gani," babu akasema. "Hakuna aliyeliuliza bega lake. Wewe mjukuu wangu, chagua ile utakayoipiga macho yakiwa wazi."

Kesho yake akanisimamisha mbele ya kopo na mipira ya aina aina. Kopo hakuliangalia, aliniangalia mimi machoni. Mpira wa lori, nikafumba. Wa pikipiki, nikafumba. Wa baiskeli, macho yakabaki wazi, na kopo likalia. Jiwe la ndimu lilikuwa zito kwa mpira huo, likaangukia karibu. La zambarau likaenda moja kwa moja. Nikafanya mazoezi kila nikitoka shule mpaka kopo likakosa umbo.

Chifu alinikuta shambani asubuhi moja, msichana na sare yake ya shule, na hakujisumbua hata kuacha kutafuna. Nikavuta, nikatazama, nikaachia. Jiwe lilimpata kwenye tako. Akaruka, akatua, akanitazama upya kama mtu aliyekosea mlango, kisha akaondoka na jamaa zake wote nyuma. Walijaribu tena siku kadhaa, nikawapokea vilevile, wakahamia kwingine. Jumapili mama akachoma mahindi na kumrudishia baba suruali yake. Baba akainusa, ikanuka jasho na moshi, akasema abaki nayo. Suala la kuhama halikutajwa tena, nami nikakulia Utange.

Leo nyani hawapo, vichaka vimekuwa nyumba za kupangisha, na wakati mwingine hata ukosefu wa adabu wa Chifu naukumbuka kwa hamu. Mwanangu Baraka ni mwindaji wa kitini. Ana bunduki za kila namna ndani ya simu, majina yake nashindwa kuyatamka, na hurudi mawindoni akilalamika vidole gumba vinamuuma. Juzi nilimwona anachagua ya ndovu, nikamsimulia maneno ya babu. Akafikiri kidogo.

"Lakini mama, kwenye simu hakuna bega."

Nikatoka nje kutafuta panda. Ochieng, ambaye siku hizi naye anaendesha lori, aliposikia akaleta mpira, na bila shaka ukawa wa lori. Watu wengine hawafundishiki. Nikaweka na wa baiskeli kando, nikasimamisha kopo ukutani, nikamwachia achague. Baraka akaukimbilia ule mnene, kama nilivyojua. Akavuta mara mbili, uso wote umekunjamana. Kisha akauweka chini mwenyewe, akauokota wa baiskeli, akachagua jiwe la zambarau.

Kopo sikuliangalia. Nilimwangalia yeye, na macho yake yalikuwa wazi.