Maua ya Shamsa Yanasubiri Kivuli

Ukungu wa Lushoto haujanyanyuka bado, na Shamsa Amiri amekwisha kuchutama kibandani mwake. Anachuma jani moja nene, lenye manyoya laini, analipunguza kikonyo kwa wembe, kisha analichomeka kwa mshazari kwenye kopo la mchanga na mboji.

"Jani moja linatosha," anasema bila kuinua kichwa. "Ukilituliza, linazaa watoto pale chini. Mama ananyauka, watoto wanabaki."

Watoto hao watatoa maua madogo ya zambarau, yenye kitovu cha njano. Asili yake ni milima hii hii ya Usambara. Zamani wageni waliyachukua, na leo yanapamba nyumba za nchi za mbali.

Shamsa, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, huuza kopo moja shilingi elfu tatu. Kinachomlisha hasa ni mawaridi. Haya ya zambarau anayatunza kwa sababu nyingine.

"Wageni wananiambia kwao kila bibi ana ua hili dirishani. Nawajibu, mmebahatika. Mimi kwetu halipo."

Kwao ni kijiji cha upande wa Bumbuli, njia ya kuteremkia Magoma. Chini ya mashamba kuna kijito, na kando yake mwamba. Shamsa alipokuwa msichana, akifuatana na mama yake kuchota maji, mwamba ule ulivaa maua toka kichwani hadi majini.

Kisha Kristian, mwenye shamba la juu, akakata mti mkubwa wa mshai ulioinamia mwamba. Alikuwa na mtoto wa kusomesha, na mbao zina bei. Jua likashuka pale ambapo halijawahi kufika. Kiangazi kimoja tu kikatosha.

Shamsa alipokwenda kumzika mama yake, aliteremka kijitoni peke yake. Mwamba ulikuwa mtupu. Kwenye ufa wa chini yalisalia majani machache. Aliyafunga kwa kitambaa kibichi, akarudi nayo Lushoto. Makopo yote ya kibandani ni uzao wa majani hayo.

Mara ya kwanza alipoirudisha miche mwambani, alibeba na ndoo ya samadi, akashindilia kila ufa.

"Nilifanya kama mtu wa kabichi," anasema, na kucheka kidogo. "Huku kwetu ukitaka kitu kiote, unakipa samadi. Masika ilipokwisha, yote yameoza."

Kumbe ua hili halitaki kushibishwa. Linashika kuvumwani, ule uoto laini wa kijani juu ya mawe, na kunywa maji yanayochuruzika. Mara ya pili alilipanda hivyo, likashika vizuri. Lakini jua likalikausha.

Hapo ndipo alipotambua kwamba kabla ya maua, inabidi apande kivuli. Akaenda kwa Kristian na miche miwili ya mshai.

"Shikamoo, baba Martin."

"Marahaba, mama Aisha. Umetuletea mboga?"

"Nimeleta mishai. Naomba niipande pale ulipokata ule mwingine."

Kristian alicheka hadi akaegemea jembe. "Mwenzio natafutia maharage jua, wewe unaniletea kivuli. Kivuli kinaungwa na nini?"

"Kinaungwa na maji, baba. Mwaka jana kijito kilifika Krismasi bila kukauka?"

Kristian alikung'uta udongo kwenye jembe. Mwishowe akasema, "Panda. Ila mbuzi wangu hawaulizi mti ni wa nani."

Wiki iliyopita Shamsa alishuka tena kijijini, kopo moja la maua mkononi. Mche mmoja ulikuwa umeliwa hadi shinani. Wa pili, unaomfika kiunoni, alikuta umezungushiwa fito na miiba, umefungwa kwa mkono unaojua kazi. Kristian alikuwa ng'ambo ya shamba, akipalilia. Aliinua mkono kumsalimu, akaendelea na maharage yake.

Shamsa alikaa juu ya mwamba, kopo mapajani. Jiwe lilikuwa la moto. Akarudi na kopo lake Lushoto.

"Nilitamani sana nilipande," anasema. "Lakini ningelipanda kwa ajili ya macho yangu tu, life tena."

Sasa anaotesha mishai mingine, apeleke masika ijayo. Ule ulio hai ukimpita kimo, ataanza na ufa wa chini, penye unyevu. Ukifunika mwamba, atashusha makopo yote, asibakize hata moja la kuuza.

Je, kama mti utachukua muda mrefu kuliko uhai wake?

Shamsa anafuta wembe kwenye kanga, anafikiri.

"Binti yangu Aisha nimeshamfundisha kukata jani," anasema. "Lakini natamani niwepo. Sitaki nihadithiwe."