Mke wangu alipaka mafuta ya ganda la korosho kwenye fizi, siku ya usaili wa daktari wake

Saa 12 na dakika 20 asubuhi mke wangu aliniita uani, akafungua mdomo.

Wakuu, salamu kwenu. Haya yametokea nyumbani kwangu, Mtua, Nachingwea, na sijaongeza chumvi.

Fizi ya chini ilikuwa nyeupe kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Nilipoigusa kwa pamba, ikachunika.

Niwaeleze kwanza. Rehema, mtoto wa dada wa mke wangu, ni daktari wa meno Ruangwa. Aliomba nafasi ya kusomea ubingwa wa magonjwa ya fizi, na mara ya kwanza alikosa. Siku hiyo saa nne alikuwa na usaili kwa video. Alitakiwa kueleza mgonjwa mmoja aliyemtibu kwa muda mrefu, pamoja na picha mpya.

Mgonjwa huyo ni mke wangu. Fizi zake zilikuwa zinatoka damu, meno yanacheza. Rehema alimsafisha mpaka chini ya fizi, yakaanza kushika.

Mimi si daktari, najisomea tu. Kusoma kwenyewe ndiko kulikonitisha: nilijua nyama ile ikifa, mfupa ulioshika jino unaweza kubaki wazi.

"Umepaka nini?"

"Jino limenigonga usiku kucha. Nikatia mafuta ya ganda, tone tu."

Watu wa Kusini mnayajua. Ukichoma korosho ubangue, ganda linatoa mafuta meusi yanayobabua vidole. Wapo wanaoyatia kwenye jino bovu.

Nilimpa maji safi asukutue, tukapanda pikipiki kwenda kwa Rehema, Ruangwa.

Rehema alimulika tochi, akaizima, akamulika tena. Sijawahi kumwona vile.

"Mamdogo, mafuta yanakubabua vidole, wewe unayapeleka mdomoni?"

"Bibi yako alipaka, na amekufa na meno yake."

"Mawili, mamdogo. Niliyaona."

Mke wangu akacheka, kicheko kikageuka kilio. Kisha akasema taratibu, "Waoneshe picha za mwezi uliopita. Nani atajua?"

Kusema kweli, nami nilitamani afanye hivyo.

Rehema alichukua kamera, akalipiga picha lile jeraha.

Saa nne usaili ulipoanza, nilikaa nje ya mlango. Nikamsikia: "Huyu ndiye mgonjwa wangu, na leo asubuhi yuko hivi."

Nikaomba mtandao uwe umekatika.

Msaili mmoja akauliza, "Ulimkataza mafuta hayo?"

"Hapana. Nilimuuliza mswaki, nikamuuliza tumbaku. Mafuta ya ganda sikuuliza, na mimi nimezaliwa huku huku."

Alitoka amelowa jasho. "Bamdogo, nimekosa tena," akasema, akaenda kumsafisha mgonjwa wake.

Tulisubiri majibu kwa wiki kadhaa. Kila simu yake ilinishtua.

Amepata. Kabla ya kuondoka alilazimika kung'oa jino moja la mke wangu. Fizi iliyobaki imefunga.

Nilichojifunza: mwambie daktari kila ulichopaka, hata kama unaona aibu. Na madaktari mnaofanya kazi huku, ulizeni habari za ganda. Mpaka leo nikisikia harufu ya korosho zinachomwa, nachungulia uani.

Aliyewahi kuyatumia aseme hapa yalimfanya nini, bila kuogopa kuchekwa.

Mafuta ya pikipiki na dawa: shilingi 43,500. Jino sikulijumlisha.