Hodi ya Nne

Sijapata kumwambia mtu kwamba siku ile nilidhani wamenikataa.

Nilikuwa nimechaguliwa chuo kimoja Dar, na jina langu likatoka pia kwenye orodha ya hosteli: kitanda kimoja, chumba cha watu wanne, ghorofa ya pili. Nilitakiwa nikithibitishe kwenye simu kabla ya Ijumaa, la sivyo angepewa mwingine. Upande wa pili alikuwapo shangazi yangu, dada yake baba, anayekaa Bunju. Alishanitengea chumba, akatundika pazia jipya na kututumia picha ya pazia lenyewe. Mama alipenda nikae huko. Bibi naye. Kusema kweli hata mimi nilipenda, na hicho ndicho kilichonitisha. Mimi mtu wa aibu. Sekondari nimesoma ya kutwa, hapa hapa Bagamoyo, na kuna wasichana wa darasa langu ambao hawajaisikia sauti yangu ila wakati wa kuitwa majina. Nilijijua: nikienda kwa shangazi nitakuwa natoka darasani nakuja kujificha nyuma ya pazia lile, na miaka mitatu itakwisha hivyo. Lakini kulala na watu watatu nisiowajua, nivae na kuvua mbele yao, niwaombe wazime taa? Hilo nalo lilinishinda.

Mama akasema basi twende tukakione hicho kitanda, ndipo niseme. Tulikwenda Jumatano. Matroni, mama mmoja mpole mwenye miwani, alimkalisha mama ofisini kwake, mimi akaniambia nipande peke yangu. Chumba kina wenyewe, alisema, wamebaki kwa mitihani ya marudio na mwaka ujao watakuwa humo humo.

Mlango ulikuwa umefungwa. Ndani muziki na vicheko. Nikabisha hodi. Vicheko vikaendelea. Nikangoja kidogo, nikabisha tena. Nikangoja. Nikabisha ya tatu.

Kwetu hodi ni tatu. Bibi ametulea hivyo: ukibisha ya tatu usiitikiwe, geuka urudi ulikotoka, tena bila kinyongo, kwa sababu mwenye nyumba ana haki ya kutokukupokea. Hata kwa jirani tunayeazimana naye mbuzi ya nazi, ndivyo tunavyofanya. Basi nikageuka. Nikakaa kwenye ngazi, nikitunga maneno ya kumwambia mama: kwamba wamenisikia na hawakunitaka, twende zetu. Na nikiri, moyo wangu ulikuwa umetulia.

Akapanda dada mmoja na ndoo ya maji, kichwani kajifunga kanga. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, ila akasema nimemzeesha kabla ya wakati wake. Akaniuliza nangoja nini pale, nikamwonyesha mlango, nikamweleza kwamba nimebisha hodi na hawakuitika.

"Umebisha mara ngapi?"

"Tatu."

Akatua ndoo. "Wewe wa Bagamoyo."

Sikuwa nimemwambia. Nikaitika kwa kichwa.

"Mimi wa Lugoba. Sisi tunabisha mpaka mtu atoke, hata kama anatoka kututukana. Na hiyo hodi umeisema kwa sauti hiyo hiyo?"

Nikasema ndiyo.

"Basi hata mlango haujakusikia, mdogo wangu. Kabishe ya nne."

Kumbe chumba ni chake pia. Angeweza kuusukuma mlango tukaingia. Hakuusukuma, alisimama na ndoo yake, ananisubiri mimi. Nikagonga kwanza kwa vidole, halafu nikasema hodi, na sauti iliyotoka ikanishtua mwenyewe. Wakaitikia wawili kwa pamoja, karibu, na mmoja akapunguza muziki.

Kitanda changu kilikuwa cha juu, dirishani, wamepanga masufuria yao juu yake. Yule aliyepunguza muziki akaanza kuyashusha moja moja akiniomba radhi, nami sikuwa nimesema kama nakuja. Nikajikuta nayapokea na kuyapanga chini.

Tulipofika nyumbani mama akasema, "Haya. Shangazi yako anataka jibu. Nimwambie nini?"

"Usimwambie. Nitampigia mwenyewe."

Alinitazama sana. Simu za ndugu huwa namsukumia yeye.

Nikathibitisha kitanda kwanza, nisije nikageuka. Kisha nikaketi ukumbini karibu na bibi, aliyekuwa anapembua mchele, nikampigia shangazi. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, hivyo hivyo. Ya tatu pia. Pazia lile jipya likanijia machoni, na kwa mara nyingine nikaona ahueni inakuja: si nimepiga tatu?

"Mwache," bibi akasema bila kuinua macho. "Alasiri hii, atakuwa anaswali."

Nikamwacha amalize sala yake. Kisha nikapiga ya nne, naye akapokea.

"Shikamoo shangazi," nikasema, kwa sauti ile ya kule ghorofani.