Ufunguo wa Mwalimu wa Ruta

Mwalimu wa kozi ya kati ya mitandao hakugusa kibodi kabla hajapangusa vidole kwenye shati, kama anayetaka kumpokea mtoto mchanga. Shingoni alining'iniza ufunguo kwa kamba ya kiatu, na kila akifundisha aliuchezea. Mwanafunzi wa dawati la mbele, mama fundi asiyepitwa na kitu, alishaamua kuwa mwalimu anafungia friji nyumbani. Wimbo wa mwalimu tangu Jumatatu kuhusu ruta, vile vifaa vya kuunganisha mitandao, ulikuwa mmoja: "Ruta iliyo mbali usiiguse kabla hujaitegea saa. Zikipita dakika kumi, inajiwasha upya na kurudi ilivyokuwa. Ukijifungia nje, itakufungulia yenyewe. Fundi wa kweli hatembei kuifuata!" Asubuhi hiyo mama alisahau kutega saa, akajifungia nje ya ruta yake, akasemwa mbele ya darasa zima mpaka masikio yakamwaka.

Mchana mwalimu akatangaza, "Sasa tazameni mkono wa fundi." Akapangusa vidole, akabadilisha anwani ya ruta iliyoko chumba cha mitambo, ghorofa ya chini, akabonyeza. Skrini ikaganda. Akabonyeza tena, taratibu, kwa kubembeleza. Wapi!

"Mwalimu," mama akauliza kwa adabu zote, "tungoje zile dakika kumi?"

Mwalimu akakohoa. Akaivua ile kamba shingoni, akashika njia ya ngazi za kushukia chumba cha mitambo. Alipopita dawati la mbele ndipo mama alipouona ule ufunguo kwa karibu: meno yake yalikuwa yamelika kwa kutumika.