Vidole vya Kifaru

Mzee Ndululu wa Nunguni alikuwa amechonga vifaru kwa miaka arobaini na miwili, na hakuwa amewahi kumwona hata mmoja. Jambo hilo halikumkosesha usingizi. Fundi wa majeneza naye hajalala ndani ya jeneza, na bado watu huenea.

Alichokuwa nacho ni neno la babake. Marehemu Nyamai ndiye aliyejenga kibanda chao cha kuchongea, chini kidogo ya soko, pale barabara inapoanza kuteremkia Salama. Mpaka anaingia kaburini, Nyamai alisimulia jinsi alivyolala kichakani huko Kibwezi tangu jua lilipochomoza, na kifaru akala majani hatua sita kutoka puani mwake, karibu kiasi cha yeye kuhesabu kupe tumboni. Aliporudi alichonga alichokiona. Waliomfahamu walijua kwamba mzee yule alipenda kupiga chuku, lakini kifaru wake alikuwa na mgongo mzito, kichwa kilichoinama na pembe mbili mahali pake, na wanunuzi walimpenda. Ukimgeuza utazame chini, ungeona kila mguu una kwato iliyopasuka katikati, kama ya ng'ombe. Kila aliyefunzwa kazi pale kibandani alifunzwa hivyo: mwili kwa tezo, uso kwa kisu, halafu patasi mara moja katikati ya kila mguu, kwisha.

Ndululu alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa shemasi, hakugusa pombe, hakucheka upesi, na gogo la mwarobaini alilitofautisha na la mjakaranda kwa kulinusa tu. Miaka yote hiyo hakuongeza chochote juu ya alichoachiwa na babake, na hakupunguza. Aliona fahari kwa hilo, na ukweli ni kwamba fahari yenyewe ilikuwa karibu yote aliyokuwa nayo.

Shida ililetwa na Wayua, kitinda mimba wake, msichana wa miaka ishirini na sita. Kazi yake kibandani ilikuwa msasa na rangi, kwa kuwa patasi ilihesabiwa kuwa ya wanaume, na hakuna aliyekumbuka ni nani aliyesema hivyo. Lakini mwezi wa pili mwaka huo, babake akiwa kwenye mikutano ya kanisa, Wayua alichonga kifaru wake mwenyewe, akamletea aliporudi, mbele ya mafundi wote. Ndululu akamshika, akampima mgongo kwa kidole gumba, akamgeuza.

"Hii ni nini?"

"Ni vidole, Baba. Kifaru ako na vidole tatu kila mguu. Nimeona kwa simu." Akamsogezea simu.

Ndululu hakuitazama. "Hiyo ni picha. Kwa simu hiyo hiyo Mutie wa kanisani alituonyesha kuku ako na meno. Babu yako aliona kifaru na macho yake."

"Labda nyasi ilikuwa ndefu," Wayua akasema.

Hakusema kwa dharau. Pengine alitaka kumtafutia babu yake njia ya kutokea. Lakini mafundi walicheka, na Ndululu akasikia ule mcheko ukimwingia mpaka kwenye mifupa. Akamtupa yule kifaru kwenye moto wa chai. Mti ulikuwa mbichi bado, haukushika upesi. Ulitoa moshi na kulia chii kwa muda mrefu. Wayua alingoja mpaka miguu ikashika moto. Kisha akachukua mkoba wake, akaenda kwa shangazi yake kule Salama, na tangu siku hiyo akawa anauza machungwa barabarani kwa wasafiri wa Mombasa.

Miezi tisa ikapita. Mke wa Ndululu, Nduku, alimpikia, akamfulia, akamjibu alipoulizwa. Zaidi ya hapo, kimya. Ndululu alijiambia kwamba kama yeye ndiye aliyesema kweli, basi mtoto atarudi na kuomba radhi, na mambo yataisha. Na kama si yeye? Hapo alikuwa akiinuka na kwenda kutafuta kitu cha kufanya.

Ndipo mchungaji alipotangaza kwamba wazee wa kanisa watapelekwa Nairobi, kwenye bustani kubwa ya wanyama, wakaone kazi ya Muumba. Ndululu, ambaye hata harusi za Machakos alizikimbia, aliandikisha jina lake wa kwanza.

"Unaenda kuona nini huko?" Nduku akamuuliza.

"Wanyama."

"Wanyama gani?"

"Wote," akasema shemasi, akijua anadanganya.

Kwenye bustani palijaa watoto wa shule waliovaa sare za kila rangi, na kelele zao ziliwazidi kasuku. Wazee wa Nunguni walitembea wameshikana mikono wasipoteane. Mutie, yule wa kuku mwenye meno, aliporwa chapati yake na tumbili kabla hawajafika mahali popote, na akasimama akimkemea kwa Kikamba kana kwamba tumbili yule ni wa kwao. Ndululu hakungoja mwisho wa kesi hiyo. Alimuuliza mlinzi wa kwanza aliyekutana naye, "Kifaru ako wapi?" akafuata mkono ulikoelekezwa.

Kifaru alikuwa amelala. Alilala katikati ya tope, nyuma ya ukuta mfupi na mabomba ya chuma, miguu yote minne ameikunja chini ya tumbo. Kitu cha kwanza alichokiona Ndululu ni kwamba mgongo ulikuwa sawa. Shingo ilikuwa sawa. Hata mkunjo wa ngozi nyuma ya bega, ambao yeye huuchonga kwa kisu kilichopinda, ulikuwa pale pale. Akafurahi kama mtoto. Babake alikuwa ameona, basi! Akashika bomba kwa mikono miwili, akangoja mnyama ainuke.

Mnyama hakuinuka. Saa tano ikawa saa sita, na saa sita ikawa saa saba. Mutie akaja kumwita.

"Ndululu, simba ako huku, amefungua mdomo!"

"Nenda. Nitakuja."

Hakwenda. Kwa simba hakwenda, kwa chui hakwenda, na twiga alimwona shingo tu, kwa mbali, kwa sababu twiga hafichiki. Alikula viazi alivyofungiwa na Nduku akiwa amesimama hapo hapo. Alitaka kuomba Mungu vidole viwe viwili. Akafumba macho, kisha akaona haya, kwa maana kama ni vitatu, vilikuwa vitatu tangu siku ya sita ya uumbaji, na haikumfaa shemasi kuomba irudiwe. Akafumbua macho.

Mtunza wanyama mmoja, jamaa wa Murang'a aliyeitwa Gathua, alikuwa amempita mara nne na toroli. Mara ya tano akasimama.

"Mzee wangu, unangoja nini? Huyu akilala amelala."

"Nangoja asimame nione miguu."

Gathua akacheka. "Watu huuliza pembe, wewe unauliza miguu? Hiyo ni rahisi. Kila mguu iko na—"

"Usiniambie!" Ndululu akainua mkono. Sauti ilitoka kali kuliko alivyotaka, akaipunguza. "Niwie radhi, kijana. Nimetoka Makueni kuja kuona. Kuambiwa nimeambiwa tayari."

Gathua alimtazama viatu vyake vya kanisani vilivyojaa vumbi, akaacha kucheka. "Saa tisa namletea majani. Nitaweka hapa kwa simiti, karibu na wewe. Atakuja."

Saa tisa majani yakaja. Kifaru alizungusha sikio moja, akafikiri, akainuka vipande vipande kama mtu mwenye mgongo mbaya. Tope likamshikilia, akalivuta, akaja. Alikuwa mkubwa kupita wote aliowachonga Ndululu wakiwekwa pamoja. Pumzi yake ilipepea mabua ya majani. Kisha akainua mguu wa mbele wa kulia, akauweka juu ya simiti, na maji ya tope yakachuruzika ukabaki safi.

Kimoja kikubwa katikati. Kimoja upande huu. Kimoja upande ule.

Ndululu akahesabu kwa Kiswahili. Akahesabu tena kwa Kikamba, imwe, ili, itatu, na hesabu haikubadilika. Kifaru akaleta mguu wa kushoto. Huo nao ulikuwa na vitatu. Akainama kando, akachungulia chini ya tumbo atafute miguu ya nyuma, lakini hiyo ilikuwa imezama topeni mpaka kwenye magoti, na mnyama, akiwa amefikia chakula, hakuona sababu ya kusogea zaidi.

"Sasa umeona?" Gathua akauliza.

"Ya mbele nimeona."

Basi la kanisa lilipiga honi. Ndululu aliomba dakika tano, akapewa, akaomba nyingine, na mwishowe mchungaji mwenyewe alikuja kumshika mkono. Njiani wenzake waliimba nyimbo. Yeye alikaa dirishani akimkasirikia babake, aliyekuwa kaburini mwaka wa kumi na tisa, aliyehesabu kupe na asihesabu vidole. Alimkasirikia mpaka Salama. Lakini basi lilipopita mbele ya vibanda vya matunda, hasira ilimhama babake ikamrudia mwenyewe, kwa kuwa si Nyamai aliyemtupa kifaru motoni. Akaona aibu, aibu tupu, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili akakubali kwamba amekuwa akimkumbuka mwanawe kila siku.

Nyumbani Nduku alimpakulia.

"Simba ako namna gani?"

"Sikumwona."

"Chui?"

"Hapana."

"Baba Wayua, kwani mchana kutwa uliona nini?"

"Mguu," akasema. Akasukuma sahani. "Ziko tatu."

Nduku hakuuliza tatu za nini. Alikaa kitako, akatazama mlango. "Baba yako alikuwa anakimbia hata bata mzinga wa jirani," akasema. "Mimi niliolewa hapa nikiona. Huyo kifaru wa Kibwezi alimwona mgongo tu, yeye akiwa juu ya mti."

"Na hukuniambia?"

"Ungesikia?"

Kesho yake aliwaambia mafundi. Hakuzunguka. Alisema kifaru ana vidole vitatu, kwamba wao wamekosea, na kwamba kosa lilianzia kwao nyumbani. Mmoja akauliza itakuwaje kwa wale waliokwisha kuuzwa. Ndululu akasema hao wamekwenda na kwato zao. Kisha akachagua kipande cha mjakaranda kilichokauka miaka miwili, akakifanyia kazi siku kumi na moja, na hakumruhusu mtu mwingine kukigusa, hata kwa msasa.

Siku ya kumi na mbili alishuka Salama. Malori yalikuwa yamepanga foleni, na Wayua alikuwa akikimbia kutoka dirisha moja hadi jingine na karai la machungwa. Alikuwa amekonda. Babake alisimama kando ya kibanda mpaka dereva aliyekuwa akibishana naye alipoondoka.

"Wayua."

"Baba." Akafuta mikono kwa leso. "Mama ako sawa?"

"Ako sawa. Uko mzima?"

"Niko."

Ndululu akafungua gazeti alilobeba kwapani, akampa. Wayua alimpokea kifaru kwa namna ya mtu aliyepaka rangi mamia yao. Akampima mgongo kwa kidole gumba, akamgeuza. Miguu ya mbele ilikuwa na vidole vitatu kila mmoja, na kucha zake, zimechongwa polepole mpaka mstari wa tope ukaonekana. Miguu ya nyuma ilikuwa vijiti viwili vya mraba. Hakukuwa na kidole wala kwato, mbao tu.

"Hii haijaisha."

"Ya nyuma sikuona. Ilikuwa kwa matope."

Wayua akamtazama. "Ulienda?"

"Nilienda. Nilisimama kutoka asubuhi." Akakunja lile gazeti. "Ile yako nilichoma. Nilikosea, Wayua. Nilikukosea mbele ya watu, na mbele yao nimesema."

Lori lilipita likatimua vumbi, wakangoja litulie. Wayua alikuwa bado ameshika miguu ile isiyokwisha, mmoja kwa kila mkono.

"Na ile yangu," akasema, bila kuinua uso, "ilikuwa nzuri?"

Ndululu angeweza kudanganya hapo, na labda Mungu angemsamehe. Akafikiri.

"Shingo ilikuwa fupi," akasema. "Vidole ilikuwa sawa."

Wayua akaangua kicheko, kisha machozi yakamtoka papo hapo, akayaacha yatoke. Ndululu akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa patasi yake ndogo, akamwelekezea upande wa mpini.

"Mimi siwezi kuchonga kitu sijaona," akasema. "Ya nyuma ni wewe uliona."

Wayua akampa babake karai la machungwa alishike, akaketi juu ya kreti, akambana kifaru katikati ya magoti, akaanza na mguu wa kulia.