Gatagata: Neno Nililolifanyia Kazi Texas

Nilifika Dallas kwa njia ndefu. Nilitoka Muheza na cheti cha kidato cha nne, nikakaa Mombasa nikijifunza ufundi wa friji, nikavuka kwenda Maskati kutengeneza viyoyozi, halafu bahati nasibu ya viza ikaniangukia. Katika ndege ya mwisho tulilifukuza jua mchana kutwa na likakataa kuzama. Binamu yangu alinipokea, akanilaza kwake Cedar Hill, na haukupita muda nikaanza kazi Lewisville, katika karakana ya mitambo ya vyumba vya baridi.

Mkuu wetu alikuwa Mjapani. Tulimwita Hancho, yaani kiongozi wa kikosi, na sikuwahi kusikia mtu akimwita kwa jina. Siku ya kwanza alinisimamisha mbele ya mota iliyokuwa ikizunguka juu ya meza, akaniuliza ina nini. Nikajibu kwamba ni mbovu.

"Mbovu ni hukumu," alisema. "Hukumu baadaye. Kwanza niambie inasemaje."

Akachukua bisibisi ndefu, akaegemeza ncha yake kwenye mota na mpini kwenye sikio langu. Chuma husafirisha sauti vizuri kuliko hewa. Ndivyo tulivyokuwa tukisikiliza beringi, zile gololi za ndani zinazobeba mhimili. Nikasikia mgongano mzito, kama kabati linaloburutwa. Hancho akasema hiyo ni gatagata.

Kwa Wajapani neno hilo si la mafundi peke yao. Meza yenye mguu mfupi hufanya gatagata, dirisha katika upepo mkali, gari kwenye barabara ya mawe. Kitu kikiwa kidogo na sauti ikiwa nyepesi, kama kifuniko cha sufuria kinapochezeshwa na mvuke, husema katakata. Kitendo ni kilekile, uzito ndio tofauti. Karakanani tofauti hiyo ilikuwa kazi yenyewe: nyepesi unakaza, nzito unafungua.

Nilimwambia Hancho kwamba kwetu pia mtu halali tu, hulala fofofo. Gunia halijai tu, hujaa pomoni. Na nyumba ikinyamaza, hunyamaza jii. Alinifanya nirudie hilo la mwisho mara kadhaa. Tangu siku hiyo akaruhusu kila mtu aripoti sauti kwa lugha ya kwao, mradi aseme kama ni nzito au nyepesi.

Baadaye nilihamishiwa Fort Worth, kwenye maghala. Mwenzangu huko alikuwa Papa Kasongo, Mkongomani wa Lubumbashi aliyenizidi umri na maneno. Yeye ndiye aliyelitoa neno kwenye mashine. Asubuhi moja Hancho alikuja kutukagua, akamkuta ameshika kiuno.

"Chef, mugongo yangu iko gatagata," Papa Kasongo akamwambia. Kisha akanielekeza kidole. "Lakini angalia gari ya huyu ndugu. Ile haiko tena gatagata. Ile iko maombi."

Hancho alicheka hadi akavua miwani. Alisema mzee amepatia bila kufundishwa: Wajapani husema hivyo juu ya mwili uliochoka, juu ya timu isiyoelewana, hata juu ya mtu anayetetemeka kwa baridi au hofu.

Kampuni ilipotaka mtu wa kwenda Houston, nilikubali kabla hawajamaliza kuuliza. Mimi sikai. Ni huko nilikokutana na Bi Zuhura, mama wa Mombasa mwenye duka la nyama halali na chumba kimoja cha baridi. Aliniita siku mbili kabla ya Idi ya kuchinja, joto la Houston likiwa limekaba shingo. Chumba kilijaa mbuzi pomoni, nyama ya familia za mji mzima, na kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya ubaridi, ilikuwa ikitikisa ukuta.

Niliegemeza bisibisi, nikasikia gatagata. Kama ilitoka ndani ya kompresa, ilibidi kuizima na kuifungua, na kazi hiyo ingekula siku nzima. Kama ningeiacha na ikakatika mkesha wa Idi, nyama yote ingeharibika na duka lingekwenda nayo.

"Waniambia niizime," alisema Bi Zuhura, "na hii nyama niitie wapi, mwanangu? Kwapani?"

Nikampigia Hancho simu, nikaanza kumweleza kwamba kompresa imekufa. Akanikatiza.

"Umeshahukumu tena. Umesikiliza wapi?"

Nilikuwa nimesikiliza juu, mahali pamoja tu. Nikashuka. Kwenye tumbo la kompresa sauti ilikuwa mvumo tulivu. Kwenye fremu inayoibeba ikawa nzito hadi meno yakaniuma. Raba za miguuni zilikuwa zimelika, na mashine nzima ilikuwa ikiruka juu ya vyuma. Nilimwambia Bi Zuhura asifungue mlango hata akija nani, nikazima, nikabadilisha raba zote nne, nikawasha. Ukuta ukatulia. Alisogea, akauwekea kiganja, akasema alhamdulillah polepole, na Idi ikapita kila mtu na nyama yake.

Sasa nina miaka arobaini na kitu na kazi hiyo nimeiacha. Hancho alirudi kwao. Mimi nimerudi Tanga, sijui kwa muda gani. Nikiulizwa nilijifunza nini, husema nilijifunza kuchelewesha hukumu, na sikuona kazi nyingine iliyonipendeza zaidi.

Siku ya kuondoka Houston nilipitia dukani kuaga. Bi Zuhura aliuliza mashine ikianza kulia amwite nani. Nikamwambia kampuni italeta mtu, lakini mtu huyo atamuuliza kwanza inasemaje.

Akafumba macho, akatega sikio, wateja wakimngoja.

"Yavuma vuu, kama nyuki walio mbali," alisema. "Lakini huku pembeni pana kitu chagonga. Chepesi. Ti ti ti, kama kucha kwenye sinia."

Mimi sikuwa nimekisikia. Ilikuwa skrubu ya kifuniko cha feni. Nikaikaza, nikanawa mikono, nikaenda uwanja wa ndege.