Nyuki wa Kalisti

Kalisti amekaa Marekani miaka kumi na mmoja, na Halloween zote, zile jioni za mwisho wa Oktoba ambapo watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba hadi nyumba wakiomba peremende, zilimkuta kazini, akiendesha basi la abiria wa uwanja wa ndege. Mwaka huu aliomba ruhusa wiki tatu kabla, akaja kwangu nimfundishe. Mimi tena! Kwa ujuaji sijambo.

Alikuwa na sababu. Wamaitha, mzazi mwenzake waliyeachana, alikuwa anahamia Texas na binti yao Makena. Wangeondoka alfajiri ya tarehe mosi Novemba. Jioni ya kuamkia safari, ndiyo Halloween yenyewe, Wamaitha alikubali kumpitisha mtoto mtaani kwa Kalisti, hapa Bowie, aombe peremende kama wenzake na amuage baba yake. Ndani hawaingii. Mlangoni tu.

Makena alitaka kuwa nyuki. Kalisti akanunua vazi la mtoto wa miaka mitano.

"Kaka, huyu nyuki wa nani?" nilimcheka. "Mwanao ana minane!"

Hakucheka. "Dada Vumilia, kila nikimuwaza namwona vile alivyokuwa siku niliyoondoka pale nyumbani."

Tulilirudisha dukani, tukachukua kubwa, akampelekea.

Nikamfundisha na mengine: peremende zisiwe na karanga, bakuli likae karibu na mlango, na mtoto akija na sura ya jini, tafadhali usimkemee kwa jina la Yesu. Aliandika yote.

Asubuhi ya tarehe mosi nilipita kwake kusikia ilikuwaje. Bakuli lilikuwa limejaa pomoni.

"Hakuja," alisema. "Hakuja hata mtoto mmoja. Wanaingia kwa jirani huyu, wananiruka, wanaingia kwa yule. Wamevaa makoti, sikumjua wangu ni yupi. Dada, kwani mimi nina nini?"

Alikaa dirishani saa tatu nzima. Alizima taa ya sebuleni na ya barazani, kwa sababu zikiwaka kioo kilimwonyesha uso wake mwenyewe, naye alitaka kumwona nyuki akija. Niliposikia hivyo nilitamani ardhi inimeze.

Kabla sijasema neno, simu yake ikalia. Ujumbe wa sauti. Kwanza Wamaitha, na mngurumo wa gari nyuma yake: "Tulikuja, Kalisti. Si ungesema tu hutaki?" Kisha Makena: "Hi Daddy. Tulikuja. But light yako ilikuwa off, so hatuku-knock. That's the rule. It's okay."

Akausikiliza tena. Akapiga, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga mara ya pili, ikawa imezimwa.

"Rule gani?" aliniuliza.

Nikamweleza: siku hiyo, nyumba isiyowasha taa ya nje haibishwi hodi. Ndivyo watoto wote wanavyofundishwa.

Aliketi kwenye kiti kile kile cha dirishani.

"Na wewe ulijua?"

Maji yakishamwagika hayazoleki.

"Nilijua, kaka. Sikukumbuka kukuambia."